Sanduku la Wasomaji: Ule wimbo wa simu wa Jim Reeves, unafaa kupigwa kwenye sherehe ya ndoa?

Wapendwa wasomaji, tangu toleo lililopita meseji kuhusu Jim Reeves, yule mwimbaji wa zamani wa Marekani, zimejaa kwenye simu ya hapa ofisini mpaka nimefurahi, nilidhani tumebaki wachache. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana kuna nyumba mbili-tatu nchini hapa zinabishana juu ya jambo hilohilo, na mimi wimbo wenyewe naupenda sana.

SWALI: Salamu mhariri. Mwezi ujao mimi na mke wangu tunatimiza miaka 30 ya ndoa na watoto wanatuandalia kasherehe hapa nyumbani. Mimi nimesema wimbo wa kwanza lazima uwe He'll Have to Go wa Jim Reeves, kwa sababu ndio nilikua naupiga kwenye redio kaseti wakati namchumbia. Nalongo, yaani mke wangu, amekataa kabisa, anasema ule ni wimbo wa mwanamke mwenye wanaume wawili, hauwezi kupigwa mbele ya wakwe na watu wa kanisa. Mimi nasema ni wimbo wa mapenzi tu. Tuambie ulitoka wapi na nani ako sawa. *Ssalongo, Walukuba, Jinja*

JIBU: Ssalongo, hongera sana kwa hiyo miaka 30, na Nalongo mfikishie hongera zake mwenyewe maana kwa upande wa maneno yeye ndiye ameusikiliza huu wimbo vizuri kukushinda. Usikasirike bado, ngoja nieleze mpaka mwisho, na wewe una haki yako ndani yake.

Mimi huu wimbo niliujua kabla sijajua Kiingereza. Baba mdogo alikua na redio kaseti nyeusi, Jumapili tukishamaliza kula anaitoa barazani na kuiweka juu ya kiti, hakuna mtu anagusa, na sisi watoto tunakaa chini kwenye mkeka tunaimba sauti tu, maneno hatuyajui hata moja. Tukifika pale mwisho wa ubeti ambapo yule mzee anashuka chini kabisa na sauti, na sisi tunashuka naye mpaka kidevu kinagusa kifua na hakuna kinachotoka, ni hewa tu. Nilikua tayari niko sekondari siku nilipochukua daftari nikaandika maneno, narudisha kaseti nyuma mstari kwa mstari. Nikashtuka. Yaani hiki ndicho tulikua tunaimba mbele ya wazee?

Kwa Kiswahili changu mwenyewe, maneno yanaenda hivi. Mwanaume yuko baa, ameshika simu. Anamwomba mpenzi wake asogeze midomo karibu kidogo na simu, wajifanye kama wako wawili peke yao. Kuna kelele ya jukboksi, ile mashine ya baa ambayo unatia sarafu inakupigia santuri uliyoichagua, sasa anasema atamwambia mwenye baa aipunguze. Na huku upande wa pili mwanamke naye amwambie huyo rafiki aliye naye pale kwamba itabidi aondoke, na hapo ndipo jina la wimbo lilipotoka. Halafu anauliza, huyo mwingine anakukumbatia vile mimi nakukumbatia? Nikate simu, au utamwambia aende? Kisha inakuja ile sehemu ambayo mimi ndiyo inaniuma kila nikiisikia: anajua mwanamke hawezi kusema neno la mapenzi na mtu mwingine amekaa pale anasikiliza, kwa hiyo anamwambia ajibu tu ndiyo au hapana, na kwamba yeye ataelewa.

Na hilo jibu hatulisikii, Ssalongo. Wimbo unaisha simu iko bado sikioni.

Kwa hiyo Nalongo ako sawa, wanaume wawili wapo. Ila angalia yule anayeimba anafanya nini. Hatukani, hatishii, hasemi nakuja hapo sasa hivi mtanitambua. Amemwachia mwanamke uamuzi wote na anaomba kwa sauti ya chini. Nyimbo ngapi za wivu unazijua zinaongea hivyo? Mimi nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vinabaki.

Sasa kuhusu ulikotoka. Walioutunga ni mtu na mke wake, Joe Allison na Audrey Allison. Joe alikua mtangazaji wa redio na mtunzi wa nyimbo. Huyu Audrey alikua na sauti ndogo nyororo, na kwenye simu mume alikua hamsikii vizuri, kwa hiyo ikawa ni kawaida yake kumwambia asogeze mdomo karibu na simu. Basi! Ni neno la nyumbani, la mume anayetaka kumsikia mke wake. Ya baa na jukboksi na yule mwanaume wa pili waliyajenga juu yake, lakini mbegu ilitoka kwenye ndoa. Hapo ndipo una haki yako, na umwambie Nalongo hivyo, kwamba mstari wa kwanza wa huu wimbo ulianza kama maneno ya bwana na bibi ndani ya nyumba yao.

Na sisi wa umri wetu hapa Uganda hilo neno tunalielewa kuliko watoto wetu. Kabla kampuni za simu za mkononi hazijaingia, Celtel 1995 na MTN 1998, simu ilikua ni ya kwenda kuipangia foleni. Nakumbuka siku moja kwenye kibanda cha simu Mbale, mbele yangu alikua mama mmoja amebeba mtoto mgongoni, anaongea na mumewe aliyekua mbali, mkono mmoja umeshika mkonga wa simu na mwingine umeziba sikio la pili, anapaza sauti mpaka sisi wote kwenye foleni tukajua nyumbani kwao mahindi yameshavunwa na bei yake. Alipomaliza aliinamisha kichwa akasema kitu kwa chini sana, sijui nini, na huko upande wa pili nadhani hakikusikika. Kila nikisikia ule mstari wa kwanza namkumbuka yule mama. Kumnong'oneza mtu kwenye simu na akakusikia, enzi hizo ilikua ni kama muujiza.

Jim Reeves hakua wa kwanza kuurekodi, hili wengi hawalijui. Kuna mwimbaji anaitwa Billy Brown aliutoa kabla yake na haukuenda mbali. Jim akaingia studio ya RCA, kampuni yake ya santuri, kule Nashville tarehe 15 Oktoba 1959, prodyuza akiwa Chet Atkins, ambaye mwenyewe ni mpiga gitaa mkubwa, na kwenye piano alikaa Floyd Cramer. Sikiliza vile walivyoupanga, maana hapa ndipo utamu wote ulipo. Hakuna fidla za kijijini, hakuna gitaa la kelele. Kuna besi inatembea polepole, ngoma imeguswa kwa mbali, piano inajibu kidogo pale mwimbaji anapovuta pumzi, na kuna vaibrafoni, ile ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa na kuacha mlio unaelea hewani. Nyuma kuna waitikiaji, kundi la Anita Kerr, wameingia taratibu kama moshi. Kila mtu humo studio ameshusha sauti, yaani ni kama wote wamekubali kumpunguzia yule mtu jukboksi ili aongee na mwenzake.

Kitu kingine, kampuni yenyewe haikuutegemea sana huu wimbo. Uliwekwa upande B wa santuri, upande A ulikua In a Mansion Stands My Love. Madijei wa redio wakaigeuza, wakaanza kupiga upande wa nyuma, na watu wakauitikia. Mwaka 1960 ulikaa namba 1 kwenye chati ya kantri, ule muziki wa mashambani wa Marekani, wiki 14, na kwenye chati kubwa ya nyimbo zote ukafika namba 2. Upande B, Ssalongo!

Na kwa ajili ya Nalongo nina habari moja ambayo ataipenda. Mwaka huohuo 1960 mwanamke mmoja anaitwa Jeanne Black alitoa wimbo wa kujibu, jina lake He'll Have to Stay, tuni ni ileile lakini sasa ni yule mwanamke wa upande wa pili wa simu ndiye anaongea, na jibu lake ni kwamba huyu aliye naye hapa ndiye atakayebaki. Nao ulipendwa sana. Kwa hiyo ukitaka kujua jibu lilikua ndiyo au hapana, kuna mtu alishalitoa, ingawa mimi napenda zaidi lile la kimya.

Ushauri wangu, na mimi nausema kwa moyo: usiufanye wimbo wa kwanza. Wakwe zako kama wanajua Kiingereza watayasikia maneno, na siku ile ni ya Nalongo pia. Anza na I Love You Because wa Jim huyuhuyu, maneno yake ni ya kumshukuru mtu aliyekuelewa na kukuvumilia, miaka 30 inafanana na hayo. Halafu usiku wageni wameshaondoka, sufuria zimeoshwa, mko wawili sebuleni, weka ule wako wa uchumba kwa sauti ndogo. Hapo nadhani hatakataa.

SWALI: Huku kwetu mpakani kuna ubishi kwenye stendi ya boda, mwenzangu anasema Jim Reeves aliandika huo wimbo kwa ajili ya mke wake Mary baada ya kumfumania. Kweli au uongo? *Kijana wa boda, Busia*

JIBU: Si kweli kijana wangu, wimbo ni wa akina Allison kama nilivyoeleza hapo juu. Nyimbo kubwa nyingi za Jim zilitungwa na watu wengine, kazi yake kubwa ilikua kuchagua na kuimba, na kwenye kuchagua alikua na sikio kali. Na huyo Mary msimwonee, baada ya mume kufariki ndiye aliyesimamia nyimbo zake kwa miaka mingi, zikaendelea kutoka moja baada ya nyingine. Mwaka 1966, Jim akiwa kaburini miaka miwili tayari, Distant Drums ilikaa namba 1 Uingereza wiki tano. Wewe na mimi tusingekua tunabishana leo bila kazi ya huyo mama.

SWALI: Mhariri, mimi ni mtu mzima, wajukuu 9. Hapa kwetu mtu akifa, usiku wa matanga lazima usikie This World Is Not My Home. Siku zote nilidhani huyo Jim Reeves ni mchungaji wa Kizungu. Sasa mjukuu ananiambia aliimba na za baa. Alikua mtu gani, na ni kweli alikufa kwenye ndege? *Bibi, Tororo*

JIBU: Shikamoo Bibi. Hakua mchungaji, lakini sikushangai, maana ile sauti ukiisikia usiku wa matanga, watu wamekaa kwenye majani ya migomba na moto umepungua, utasema kweli huyu mtu alipakwa mafuta. Aliimba za dini kwa moyo uleule alioimbia zile nyingine, na mimi sioni kama kuna moja imeichafua nyingine.

Alizaliwa Galloway, huko Texas, tarehe 20 Agosti 1923. Ndoto yake ya kwanza ilikua besiboli, alikua mrushaji mpira na alishasaini na timu, mpaka alipoumia mguu mwaka 1947 ndipo hiyo safari ikaisha. Akaenda redioni kutangaza. Na mimi nadhani, Bibi, hapo redioni ndipo alipojifunza kutamka kila neno mpaka mwisho wake, bila kumeza herufi, ndiyo maana hata sisi ambao Kiingereza tulikikuta shuleni tulikua tunamsikia neno kwa neno. Baba mdogo wangu alikua anasema Jim ndiye mwalimu wake wa Kiingereza na hakua anatania.

Huku Afrika alifika, mwaka 1962 alizunguka Afrika Kusini na kina Chet Atkins na Floyd Cramer, watu wakamjaa, akarudi akacheza na filamu iliyotengenezwa kulekule, Kimberley Jim, hata akaimba nyimbo za Kiafrikaans.

Kuhusu ndege ni kweli kabisa. Tarehe 31 Julai 1964 alikua anarudi Nashville, ndege ndogo, anaiendesha mwenyewe, amekaa na Dean Manuel, mpiga piano wake. Wakaingia kwenye mvua kubwa ya radi karibu na Brentwood, Tennessee, ndege ikaanguka msituni. Watu walitafuta, miili ikapatikana tarehe 2 Agosti. Alikua na miaka 40, Bibi. Zilibaki wiki kama tatu tu atimize 41. Ile sauti tunayoisikia sisi kama ya mzee wa mvi, anayejua mambo yote ya dunia, ni ya mtu ambaye hakufika hata umri wa watoto wako. Mimi nilipolijua hilo nilikaa kimya muda mrefu. Amezikwa nyumbani kwao karibu na Carthage, Texas, na mwaka 1967 jina lake likaingizwa kwenye jumba la heshima la muziki wa kantri.

SWALI: Mi naimba kwenye hoteli moja hapa Kampala, wikendi wateja wazee lazima waombe He'll Have to Go. Nikifika pale chini sauti inapotea kabisa na nikijaribu kuisukuma watu wanacheka. Jim alikua anafanyaje? *Mwimbaji, Kabalagala*

JIBU: Asante sana kwa swali hili, kwa sababu wengi wanadhani ile ni zawadi ya Mungu tu na hakuna kazi ndani yake. Jim mwanzoni hakua anaimba vile. Tafuta Mexican Joe ya 1953, ndiyo iliyomfikisha namba 1 kwa mara ya kwanza, utasikia mtu tofauti, anaimba kwa nguvu, sauti imepanda juu kama waimbaji wengine wa kantri wa wakati ule. Mabadiliko yalikuja 1957 na Four Walls. Chet Atkins alikua anaona ule ni wimbo wa mwanamke, Jim akasisitiza, na alipouimba akasogea karibu kabisa na maiki na kushusha sauti kama anaongea na mtu mmoja aliyekaa naye kitanda kimoja cha mgonjwa. Ukawa namba 1 wa kantri. Kuanzia hapo hakurudi tena kwenye kupaza. Kwa hiyo ulipofika ule wimbo wa simu miaka miwili baadae, mtu alikua tayari, maana wimbo wenyewe unaomba kusogea karibu na yeye alishajifunza kusogea.

Sasa wewe. Kwanza usiimbe kwenye kii yake, yaani kimo cha sauti alichoimbia yeye, kama sio yako, mwambie mpiga kinanda apandishe mpaka ile noti ya chini kabisa uifikie bila kukunja uso, hakuna mteja atakayekuja kupima. Pili, maiki nyingi za jukwaani ukizisogelea zinaongeza besi zenyewe, ndiyo siri yake kubwa, kwa hiyo pale chini usisukume, sogea. Karibu upana wa vidole viwili hivi, na uielekeze kidogo pembeni ya mdomo ili herufi za P na B zisipige kishindo kwenye spika. Mistari ya juu rudi nyuma kama kiganja kizima. Ongea na mtu wa mitambo kabla hamjaanza, mwambie asikuongezee besi nyingine juu ya hiyo, itakua uji. Na waambie wenzako wa bendi washuke, hasa ngoma, maana wakipiga kama ni soka la mtaani hautasikika hata ukimeza maiki.

La mwisho ni pumzi. Wengi wanaishiwa kabla ya neno la mwisho kwa sababu wanaimba mstari mzima wakiwa na haraka ya kufika kwenye ile noti ya chini. Vuta pumzi ndogo kabla hujamwambia huyo mwanamke amwondoe mgeni wake, sema maneno kama unavyoyasema kwenye simu, halafu lile la mwisho liache lianguke lenyewe. Jumamosi jaribu hivyo, na ukiwa unaimba Jinja siku moja niambie mapema, kuna Ssalongo mmoja nataka nimlete.